Mstari Mweupe Juu ya Nati

Watu wa mtaa wetu wa Kisauni hawaafikiani kwa mengi. Hugombania maji, hugombania mipaka ya nyua, hugombania hata nani alianza kumnunia nani. Lakini waulize habari za Fundi, watakwambia kwa kauli moja kwamba ni mtu mwema. Mimi pia nilisema hivyo, tena kwa miaka mingi kuliko wengi wao, maana ua wa gareji yake ulipakana na dirisha letu la jikoni na haikupita siku nisimwone. Nitamweleza kama nilivyomjua, nikianza na wema wake, kwa sababu wema ule ulikuwa wa kweli. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Alikuwa mfupi, mabega mapana, vidole vyembamba visivyolingana na mabega yale. Akifanya kazi kwa fulana na kikoi, na akimaliza ananawa kwa sabuni iliyochanganywa na sukari mpaka kucha zinang'aa, ndipo anaingia msikitini. Mahamri akiyala makavu. Mbaazi, alisema, humfanya mtu asinzie chini ya gari, na asinziaye chini ya gari anajichimbia kaburi. Mteja akimletea gari humuuliza kwanza limeumwa lini, kisha limeumwaje, na akigundua kwamba mtu anadanganya, kwamba gari limegongwa naye anasema limejiharibikia tu, humrudisha nyumbani. Nilimwona akimfukuza mtu mzima aliyevaa tai. Hakumtukana. Alimwambia tu kwamba hawezi kumtibu mgonjwa ambaye jamaa zake ni waongo.

Kabla ya kufungua gareji alikuwa makanika wa jeshi, na jeshi lilibaki mwilini mwake. Spana zake zilipangwa ukutani kwa ukubwa, kila moja imechorewa kivuli chake, na ikikosekana moja kazi yote husimama mpaka ipatikane. Vijana waliojifunza kwake walimwogopa na kumpenda. Wengine sasa wana gareji zao Miritini na Changamwe, na wote wana neno moja walilolichukua kwake: rangi haifungi nati. Wanalisema gari likiletwa limepigwa rangi mpya huku injini imekufa. Wanalisema hata posa inapoletwa na mtu mwenye nguo nzuri na kazi isiyojulikana. Limekuwa methali ya mtaa, na mimi mwenyewe nimelitumia darasani, maana ni mwalimu, kuwaambia watoto wanaopamba jalada la daftari na ndani hamna kitu.

Jambo lililompa sifa zaidi ni jinsi alivyokaza. Nati moja ataikaza, ataondoka, atarudi kuijaribu, ataondoka tena, atarudi. Mara moja lori la vitunguu kutoka bara liliharibika karibu na kwetu, akalifunga gurudumu, dereva akashika njia ya Kongowea. Fundi akakaa kitako kunywa kahawa. Kikombe hakijafika mdomoni akainuka na spana mkononi, akatoka mbio kwa miguu, kikoi kimepandishwa, mpaka sokoni. Alilikuta lori linashushwa magunia, akaingia chini yake bila kumsemesha mtu, akajaribu nati zote. Zilikuwa zimekaza. Akatoka, akajipangusa, akarudi nyumbani. Mahamali walicheka siku hiyo, na kisa hicho kilisimuliwa miaka na miaka kuonyesha fundi wa kweli ni mtu wa namna gani.

Baba yangu alikuwa mmoja wa mahamali hao waliokuwapo. Yeye hakucheka.

Kwenye pembe ya ua wa gareji, chini ya turubai, palikuwa na landrova ya jeshi. Hapo ndipo Fundi, mtu asiyependa maneno, alipopata maneno. Alinieleza historia yake nikiwa msichana wa shule, nimesimama dirishani nikiosha vyombo, naye akipangusa bati kwa kitambaa. Kwamba gari la namna hii lilibuniwa baada ya ile vita kubwa, chuma kikiwa adimu Ulaya, ndipo waundaji wakatumia bati la ndege kutengeneza mwili wake. Kwa hiyo mwili haushiki kutu, lakini chesisi yake ni chuma, nayo huliwa na chumvi kutoka ndani. Ngozi haizeeki, akasema, mifupa ndiyo inayooza. Alikwangua rangi ya mlango kwa ukucha akanionyesha maisha yake: chini kabisa kijani kizito cha siku iliposhushwa melini Kilindini, juu yake rangi ya mchanga ya miaka iliyokuwa kaskazini huko jangwani, juu yake kijani tena iliporudi pwani. Akanionyesha kioo cha mbele kinacholazwa juu ya boneti, na taa ndogo iliyofichwa nyuma chini, inayomulika duara jeupe, ili gari linalofuata lione njia na adui asione kitu.

Akanionyesha pia mistari. Katika karakana yao, nati yoyote ya usukani au ya breki ikishakazwa hupigwa mstari wa rangi nyeupe, unaoanzia juu ya nati na kushuka mpaka kwenye chuma kilicho chini yake. Nati ikilegea na kuzunguka, mstari unakatika. Mkaguzi hana haja ya spana. Anainama na tochi, mistari ikiwa imenyooka gari linatoka. Nilisikia maelezo hayo mara nyingi hata ningeweza kuyasoma kwa moyo.

Landrova ile ndiyo aliyokuwa akiiendesha Baba.

Baba alikuwa dereva katika kambi ileile Fundi alikokuwa makanika. Siku moja alikuwa akiwapeleka askari kwenye uwanja wa shabaha. Kwenye kona, gari likaacha njia, likaingia bondeni na kupinduka. Kijana mmoja aliyekaa nyuma, mtu wa bara, mgeni kazini, alifariki. Baba alivunjika mguu. Alipoulizwa alisema kwamba alikata usukani na gari halikumsikia. Walipolikagua walikuta ule mtaimbo unaopeleka usukani kwenye magurudumu umechomoka kwenye kibano chake. Swali likawa moja tu: ulichomoka kabla ya gari kuanguka, au ulichomolewa na kule kuanguka? Wakatazama nati ya kibano. Ilikuwa mahali pake na mstari umenyooka. Basi kazi ya makanika ilikuwa safi, mtaimbo ulichomolewa na kishindo, na dereva alikuwa mbio. Baba alitoka jeshini na karatasi iliyoandikwa uzembe uliosababisha kifo.

Mtu mwenye karatasi hiyo hapewi usukani na yeyote. Baba alikwenda Kongowea kusukuma mkokoteni.

Na mkokoteni aliutengenezewa na Fundi. Aliufunga kwa ekseli na beringi za gari bovu, ukawa mwepesi kiasi cha mahamali wengine kuuonea wivu, na kila Ijumaa baada ya swala aliupindua na kujaribu nati zake. Baba alipoanza kuumwa kifua, Fundi ndiye aliyembeba mgongoni mpaka barabarani kumtafutia gari la kumpeleka hospitali. Baba alipofariki, Fundi alikuwa miongoni mwa waliomwosha, na aliingia kaburini kumpokea. Mamangu hakununua mafuta ya taa mwaka mzima uliofuata, dumu lilikuwa likikutwa mlangoni limejaa. Nani angemfikiria vibaya mtu kama huyo? Tulimwita Ami, na kwa moyo wangu alikuwa ami hasa.

Nilikuwa nikiona mambo mawili nisiyoyaelewa. La kwanza, Baba hakuwahi kupita kwenye pembe ile ya ua. Alizunguka nyumba nzima ili asilione turubai. La pili, maneno yake yalikuwa yakibadilika. Nilipokuwa mdogo alisema kila mara, kwa yeyote, kwamba alikata usukani na gari halikumsikia. Baadaye akawa anasema huenda usukani ulichelewa kidogo. Kisha ikawa labda nilikuwa mbio. Mwaka wake wa mwisho alisema wazi, amelala, uso umeelekea ukutani, kwamba alimuua mtoto wa watu. Nilidhani ni ugonjwa.

Jeshi lilipoipiga mnada landrova pamoja na vyuma vingine chakavu, Fundi, ambaye naye alikuwa amestaafu, alikwenda akainunua. Mtaa ulifurahi. Walisema ameinunua kwa ajili ya jirani yake, aifungue, atafute ushahidi, amsafishe jina. Mimi nilimuuliza mwenyewe. Aliniambia, "Mwanangu, gari hili likae hapa. Iko siku litasema." Niliingoja siku hiyo. Nilimaliza shule nikiingoja, nikasomea ualimu, nikaolewa, nikaachika, nikarudi kwa mamangu nikalikuta turubai pale pale. Hakuifungua. Hakuitengeneza, hakuiuza, wala hakumruhusu kijana yeyote kuchomoa hata bolti moja, ingawa landrova za jeshi hulishana vipuri tangu zamani na mwenye kuwa na moja nzima ni tajiri. Alikuja mtu kutoka Nairobi, mpenzi wa magari ya zamani, anayeyafufua na kuyapeleka kwenye maonyesho. Alikuja mara tatu. Mara ya tatu alimwambia, "Mzee, hii gari iko na historia, wacha watu waione, bana." Fundi alimwonyesha lango.

Mtu aliyekimbia hadi Kongowea kujaribu nati za lori la wageni hakuwahi kutia spana kwenye gari lililokaa uani pake. Sote tuliliona hilo, na sote tukaliita huzuni.

Mwaka huu watoto wake walimlipia safari ya Hija. Desturi yetu inajulikana: anayekwenda Hija huzunguka kwa jirani na jamaa kuomba radhi, asije akasimama mbele ya Mola wake na deni la mja. Na desturi ya anayeombwa ni kutoa papo hapo. Hakuna anayeuliza wamsamehe nini. Kuuliza ni utovu wa adabu.

Alikuja alasiri, kanzu imepigwa pasi, fimbo mkononi. Amezeeka sasa, shingo imekuwa nyembamba. Akasema maneno kama yanavyosemwa, kama aliwahi kutukosea, kwa kujua au kwa kutojua, tumsamehe. Nikajibu kama inavyojibiwa, nimekusamehe, Ami, duniani na akhera, nawe unisamehe. Mamangu, aliyekuwa kwenye mkeka, akasema vivyo hivyo. Kisha akaongeza ombi lake.

"Ukifika huko, shemeji yangu, muombee mume wangu. Muombee asamehewe damu ya yule kijana."

 Fundi alitazama mkeka, akaitazama fimbo yake. Inshallah haikumtoka. Akaniambia nimfuate uani kidogo.

Alilivuta turubai mwenyewe. Landrova ilikuwa imeinuliwa kwa mawe mbele, vumbi limeganda kwenye kila kitu isipokuwa sehemu moja chini, nyuma ya gurudumu la mbele, iliyopakwa grisi. Akapangusa grisi kwa kitambaa. Akanipa tochi, nikapiga magoti na buibui langu.

Nikaiona nati. Nikauona na mstari, mweupe, umenyooka, haukukatika popote.

Ningesema uongo nikisema nilielewa. Nilichoelewa ni kile alichonifundisha miaka yote ile, kwamba mstari ukinyooka nati imekaza. Basi waliokagua walisema kweli. Basi ni Baba. Machozi yalinitoka nikiwa nimeinama vile vile, na niliona haya mbele ya Fundi kwa kumngojea Baba haki isiyokuwapo.

"Tia ukucha chini ya nati," akaniambia.

Ukucha uliingia. Kati ya nati na kibano palikuwa na mwanya, si mkubwa, lakini ukucha wangu ulizama mpaka kwenye nyama.

"Nilitia rangi kwanza," akasema.

Ndipo akanieleza, amesimama, sauti haipandi wala haishuki. Kwamba siku ya ukaguzi rangi huwa haiwahi kukauka, na mkaguzi akigusa rangi mbichi hulirudisha gari. Kwa hiyo makanika wote walikuwa na mtindo wao: wanapiga mistari kwanza magari yote, kisha ndipo wanazunguka na spana kukaza, na ule mstari uliovunjika kwa kukazwa wanaugusa tena kidogo. Siku ile aliitwa na afande katikati ya kazi. Aliporudi aliinama, akaona mstari umenyooka, akadhani ameshapita hapo. Na nati ile ilikuwa ya aina yenye pete ya plastiki ndani, isiyozunguka yenyewe hata kama haikukazwa. Ilikaa tu mahali alipoiacha, na mstari ukabaki umenyooka kwa sababu hakuna aliyewahi kuigusa baada ya rangi. Zilizokazwa zote zilikuwa na rangi mara mbili. Hiyo ilikuwa na moja.

Nilimuuliza alijua lini.

"Siku ile ile ya ajali. Waliniuliza, mstari umenyooka? Nikasema umenyooka, afande. Sikusema uongo, mwanangu. Nna watoto wanne wakati huo, na babako wajua alikuwa na mmoja tu."

Huyo mmoja alikuwa mimi, na alikuwa akiniambia mimi. Hesabu yake alikuwa ameshaifanya kitambo, nami nilikuwa upande mdogo.

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, nilikuwa na tochi ya chuma mkononi. Nikamwambia badala yake kwamba aandike. Aandike hayo yote kwa mkono wake, atie sahihi, nitayapeleka mwenyewe kunakohusika wabadilishe karatasi ya Baba, hata ikichukua maisha yangu yaliyobaki. Akasema ataandika. Akirudi, inshallah. Akiandika sasa, safari itavurugika na watoto wameshahangaika. Nikatoa simu nikapiga picha ya nati, nikijiona mjanja. Nyumbani niliitazama. Kwenye picha mwanya hauonekani. Panaonekana kazi safi ya makanika.

Alikwenda, akarudi. Mtaa ulimpokea kwa dufu, wakamvika mashada, na tangu siku hiyo haitwi Fundi tena, ni Haji. Niliwaacha wageni wapungue, nikaenda siku ya nane na karatasi na kalamu. Nilipita uani. Pembeni palikuwa na mawe manne na nyasi zilizokufa kwa kukosa jua. Mtu wa Nairobi alikuja na lori wakati Fundi yuko Makka, na mwanawe akampa funguo kama alivyoagizwa na babake kabla hajaondoka. Nilimpigia mtu yule siku hiyo hiyo. Alifurahi, akasema ametia usukani mpya wote, vile vyuma vya zamani vilikuwa hatari, alivipeleka kwa wa skrepu.

Haji alikuwa barazani, tasbihi mkononi. Aliitazama karatasi kama mtu aliyeletewa chakula ameshashiba.

"Mwenyezi Mungu ashanisamehe, mwanangu. Nililia huko mpaka nikakauka. Na wewe ulinisamehe kwa kinywa chako, na mamako yuwasikia. Wataka nini tena?"

Yeye amekwenda Hija, mimi dini nimeisoma chuo cha Kurani cha mtaani tu, lakini hata mimi najua haki ya mja haifutwi kwa machozi ya mahali pengine. Nikamwambia, "Niliyemsamehe ni jirani. Makanika hakuja kuniomba. Na wa kumsamehe makanika ulimtia kaburini kwa mikono yako." Akaanza kuhesabu tasbihi. Nikaondoka bila kuaga, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mkubwa wangu yeyote.

Sikutaka kumwambia mamangu. Ni mzee, ana magoti mabovu, na moyo wake anaujua daktari. Lakini magharibi ya siku ile nilimsikia baada ya swala akiomba kama anavyoomba siku zote, Mola amsamehe mume wake damu ya yule kijana, na safari hii akamshukuru na Haji kwa kumuombea kule. Nikashindwa. Nikakaa kwenye mkeka wake nikamweleza yote, rangi, nati, ukucha, mpaka mwisho.

Hakulia. Aliuliza kama nina hakika kwamba usukani haukumsikia babangu, nikasema nina hakika. Akauliza tena, nikasema tena. Akaushika ukingo wa mkeka akawa anauviringisha na kuukunjua.

"Alikuwa akiniambia kila siku kuwa gari halikumsikia," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia awache kulisingizia gari, atubu."

Nikainuka kumletea maji.